Kemboi wa Rhonda: dada aliyetoroka Riyadh na wenzake wawili

Mama yake alinijia Jumapili baada ya ibada, ameshika simu yenye kioo kilichopasuka, akaniambia, "Mwanangu, hebu sikiza hii." Ilikuwa sauti ya nusu dakika hivi, ya kunong'ona, na nyuma yake maji yanamwagika. Binti alikuwa amefungua mfereji wa bafuni makusudi ili asisikike. Alisema mambo matatu: kwamba ana miezi miwili hajalipwa, kwamba anafanyishwa kazi nyumba tatu, na kwamba "msipige simu, nitapiga mimi."

Hilo la tatu ndilo tulilolipuuza, na ndilo lililotugharimu.

Mimi ni msaidizi wa kisheria wa kujitolea hapa Nakuru. Kesi zangu nyingi ni za kodi ya nyumba, mipaka ya ploti, na akina baba wanaokwepa matunzo ya watoto. Kisa hiki ni cha mwaka 2022. Jina lake sitalitaja, wala la ajenti, na vitu vichache ambavyo vingemtambulisha nimevibadilisha baada ya kukubaliana naye. Nitamwita dada yetu.

Alikuwa na miaka 26 na mtoto mmoja, akiishi mtaa wa Rhonda kwa mama yake anayeuza sukuma wiki karibu na steji. Alikuwa amefanya kibarua kwenye mashamba ya maua Naivasha mpaka msimu ukaisha. Ajenti wa kazi za nyumbani za Saudia aliletwa na jirani, ambaye baadaye tuligundua alipewa kitu kidogo kwa kila msichana aliyempeleka. Dada yetu hakutozwa hata shilingi. Pasipoti, cheti cha tabia njema, vipimo vya afya, mafunzo ya kazi za nyumbani, tiketi, vyote vililipiwa. Nimekuja kuogopa hii bure kuliko ninavyoogopa ajenti anayeomba pesa. Kuna mtu upande wa pili amelipa, naye hujihesabia kwamba amenunua.

Mkataba aliuona usiku wa safari, uwanja wa ndege, kurasa kadhaa za Kiarabu na Kiingereza. Alitia sahihi amesimama, karatasi ikiwa juu ya sanduku lake, foleni ikisukuma nyuma. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa kazi ya ng'ambo uthibitishwe na afisa wa leba, ambaye kwanza lazima aridhike kwamba mfanyakazi amekubali bila hila wala shuruti. Wa kwake haukupita mbele ya afisa yeyote.

Riyadh pasipoti ilichukuliwa siku ya kwanza. Mshahara ulikuwa riyali 900 kwa mwezi, kama shilingi 28,000 za wakati ule. Alilipwa mwezi mmoja tu. Asubuhi alikuwa kwa madam, alasiri kwa mama yake madam, na mara tatu au nne kwa wiki akapelekwa kwa dada yake madam, ambako kulikuwa na Mkenya mwingine, mama mmoja wa Busia. Alilala stoo ya jikoni, kwenye godoro jembamba kati ya gunia la mchele na mashine ya kufulia. Kanuni za Saudia zenyewe za wakati ule, za mwaka 2013, zilimpa mfanyakazi wa nyumbani angalau saa 9 za kupumzika kwa siku na siku moja ya mapumziko kwa wiki. Yeye alipata saa nne, na siku ya mapumziko hakuiona kabisa.

"Si alisaini mwenyewe?"

Swali hili niliulizwa mara tatu wiki ile ya kwanza, mara mbili na watu wenye vyeo. Wengine walisema utumwa ni neno zito, kwamba huyu ni mfanyakazi aliyepata mwajiri mbaya, na wabaya wako hata hapa Milimani.

Ni kweli wako. Lakini mwajiri mbaya wa Milimani ukimchoka unachukua mfuko wako unatoka, na usiku huo unalala kwa shangazi yako Kaptembwo. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1926 ulieleza utumwa kuwa ni hali ya mtu ambaye juu yake kunatumika mamlaka ya umiliki, yote au baadhi. Tulipoanza kuyahesabu tuliyapata: hawezi kutoka, hawezi kubadilisha mwajiri, karatasi zake ziko kwa mwingine, na anaazimwa nyumba hadi nyumba kama sufuria. Saudia ilifuta utumwa kisheria mwaka 1962, hilo halina ubishi. Ila mfumo wa kafala, yaani udhamini, ulikuwa umemfunga mfanyakazi kwa kafili wake, mwajiri anayemdhamini. Mageuzi ya Machi 2021, yaliyowaruhusu wafanyakazi wengi wa kigeni kuhama mwajiri na kuondoka nchini bila ruhusa yake, yaliwaacha nje wa majumbani. Mwashi alipata mlango, shagala, yaani mfanyakazi wa nyumbani, hakupata.

Kwa upande wetu sheria iko wazi zaidi kuliko watu wanavyodhani. Kifungu cha 30 cha Katiba kinakataza utumwa na kazi ya kulazimishwa, na kifungu cha 25 kinaiweka haki ya kutofanywa mtumwa kati ya zile chache zisizopunguzwa kwa sababu yoyote. Sheria ya Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2010 inasema ridhaa ya aliyesafirishwa haina uzito pale ambapo udanganyifu umetumika. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Kwa hiyo ile sahihi ya juu ya sanduku haimkingi ajenti. Nilimwandikia mmoja wa wale wenye vyeo maneno haya kwenye karatasi. Akaikunja, akaitia mfukoni.

Simu tuliyoipiga

Jumatatu asubuhi nilifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili timamu angefanya: nilimpigia ajenti. Nilizungumza kwa upole, hata nikamwita "mzee." Akaniahidi kufuatilia, na kweli alifuatilia. Alipiga maktabu, ndiyo ofisi ya ajenti mwenzake kule Riyadh. Maktabu wakampigia kafili. Jioni hiyo madam aliingia stoo, akainua godoro, akachukua simu.

Siku 19 hatukusikia kitu. Mama yake alikuwa akija kila jioni baada ya kufunga kibanda, anakaa kwenye kiti changu cha plastiki, haongei. Siku ya nane aliniuliza, "Sasa, mwanangu, ulimwambia nini huyo mtu?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Ninaandika haya kwa ajili ya yeyote atakayeketi mahali nilipoketi. Ajenti si mlango wa kwanza wa kubisha. Ni wa mwisho. Kwanza mtafutie mtu nakala za karatasi zake, ujue nyumba iko wapi kwenye ramani, uwe umeandikia ubalozi na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira kwa maandishi yenye tarehe. Mimi sikuwa na hata kimoja. Nilikuwa na hasira na bando.

Mfuko wa pili wa takataka

Alijitoa mwenyewe, bila sisi. Yule mama wa Busia alikuwa na simu ya siri, na kupitia kwake dada yetu alitutumia vitu viwili: pini ya ramani, na picha ya ikama yake, kibali cha ukaazi, aliyoipiga akifagia chumba cha kafili. Picha haikutulia, kidole kimefunika kona, lakini namba ilisomeka.

Alhamisi jioni ya mwisho wa Juni familia ilikwenda istiraha, zile nyumba za mapumziko nje ya mji ambako jamaa hukusanyika wikendi. Walirudi saa nane usiku, wamechoka, na mabaki ya chakula ni mengi. Takataka hutupwa pipa la kona ya barabara, na hiyo ndiyo saa pekee geti dogo lilifunguliwa kwa ajili yake. Alivaa magauni mawili chini ya abaya. Akabeba mifuko miwili myeusi. Wa kwanza akautupa. Wa pili ulikuwa na nguo zake, picha ya mtoto na nusu mkate, akapitiliza nao.

Gari lilikuwa limeelekezwa na wanawake ambao hakuwahi kuwaona. Wakenya wa kule humwita mfanyakazi aliyetoroka "kemboi," kutokana na Ezekiel Kemboi wetu, bingwa wa mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji, dhahabu ya Olimpiki Athens 2004 na London 2012. Anayeruka ukuta akatua mbio angeitwa nani mwingine? Usiku ule alilala chumba kimoja na makemboi wengine kumi. Walimlipia teksi, wakampa chai, wakamwambia atawalipa akipata.

Ijumaa akapigia ubalozi, haukupokea. Jumamosi vile vile. Wikendi ya Saudia ni Ijumaa na Jumamosi, na sisi tuliokaa Nakuru tukitazama saa hatukuwa tumelifikiria hilo hata kidogo. Wakati huohuo kafili hakuhitaji ofisi kufunguliwa. Alimripoti kwa simu yake ya mkononi, akiwa kitandani labda. Ripoti hiyo inaitwa huruba, maana yake utoro. Wakati ule ikishaingia, ikama yako ilikuwa imekufa na polisi yeyote aliweza kukukamata popote. Jumapili dada yetu alipofika getini kwa ubalozi hakuwa tena mfanyakazi mwenye dai la mshahara. Alikuwa mtoro anayesubiri kurudishwa kwao.

Neno hili mtoro lina historia kwetu. Watumwa waliokimbia mashamba ya pwani karne ya 19 waliitwa watoro, wakajenga vijiji vyao kama Fuladoyo, na wengine wakajificha kwa wamisionari Rabai. Mwaka 1889 zaidi ya 1,400 kati yao walipewa hati za uhuru, baada ya kampuni ya Waingereza kukubali kuwalipa mabwana wao. Ona nani alilipwa.

Na kuna Harriet Tubman, aliyekimbia utumwa Maryland, Marekani, mwaka 1849, kisha akarudi huko mara 13 hivi na kuwatoa watu wapatao 70. Alipenda kuondoka na watu wake Jumamosi usiku, kwa sababu tangazo la kuwasaka watoro lisingechapwa gazetini kabla ya Jumatatu. Alikuwa akiiba siku moja na nusu kutoka kwa karatasi za bwana. Dada yetu, kwa kutoka Alhamisi, alimpa bwana siku hizo mbili bila kujua.

Kabla ya kwenda ubalozini, katika chumba kile cha makemboi, alishawishiwa abaki. Kemboi hulipwa kuliko mwenye mkataba, kwa sababu anajadiliana mwenyewe na huacha kazi asiyoipenda. Sitamdharau anayechagua hivyo. Kwa wengine ndio uhuru wa kwanza wanaoupata nchini humo. Lakini kemboi akiugua anaogopa hospitali, na akijifungua mtoto wake anakuwa hana karatasi ya kumtoa huko. Mmoja mle chumbani alikuwa na mtoto wa miaka mitatu ambaye alikuwa hajawahi kucheza nje. Dada yetu alimtazama mtoto yule Jumamosi nzima, kisha Jumapili akaenda ubalozini.

Akakaa makazi ya wafanyakazi wanaosubiri kurudishwa, wiki tano hivi. Akafika Nakuru wiki ya uchaguzi wa Agosti 2022, na hati ya dharura ya safari moja mkononi na mfuko mweusi uleule. Mji mzima ulikuwa umebandika masikio redioni kusubiri matokeo. Hakuna aliyemuuliza kitu, na anasema alishukuru. Riyali 3,600 za miezi minne, zaidi ya shilingi laki moja, hazijalipwa mpaka leo.

Godoro ni lile lile

Hapa faili nyingi hufungwa. Hii haikufungwa, kwa sababu mwezi Septemba yule mama wa Busia alituma ujumbe mfupi: wameleta mwingine, wa Mumias, analala palepale ulipokuwa.

Dada yetu alikuja kwangu usiku huo akitetemeka. "Anti, godoro ni lile lile." Alikuwa ameelewa jambo ambalo mimi sikuwa nimelifikiria, kwamba kutoroka kwake kulifungua nafasi ya kazi.

Sasa sikumpigia ajenti. Yeye ndiye aliyeongoza, mimi nikaandika barua. Alijua saa ya takataka, alijua droo ya ikama, alijua mlango upi wa stoo haufungi vizuri. Lakini alishangaza kila mtu kwa kusema huyu asitoroke.

Sababu yake ilikuwa hesabu. Siku 90 za kwanza ni za majaribio. Ndani yake kafili asiyeridhika anaweza kumrudisha shagala maktabu akadai mwingine au pesa yake. Zikipita, hasara ni ya kafili, na hapo ndipo wanapokaza minyororo. Yule wa Mumias alikuwa bado ndani ya siku hizo. Mpe kafili sababu ya kumrudisha mwenyewe, kwa hiari yake, na huruba haiandikwi.

Kwanza zikaja picha: pasipoti, ikama, mkataba, moja baada ya nyingine kwa siku sita, kila moja ikifutwa kwenye simu mara tu ilipofika kwetu. Kisha pini ya nyumba na ya maktabu. Jumapili asubuhi barua pepe ikaenda ubalozini, nyingine Nairobi kwa Mamlaka ya Ajira, zikiwa na namba zote. Jioni hiyo binti wa Mumias aliketi juu ya godoro akakataa kuinuka. Alikuwa amefundishwa neno moja tu: "Maktabu." Madam akapiga kelele, naye: "Maktabu." Wakamnyima chakula cha jioni, yule wa Busia akampitishia tende chini ya mlango. Siku ya tatu dereva akampakia garini.

Maktabu nako si salama. Wapo wanaofungiwa chumbani humo na kuuzwa nyumba nyingine wiki hiyohiyo. Kilichomlinda, kwa maoni yangu, ni kwamba tayari kulikuwa na mtu ubalozini mwenye namba yake mezani aliyepiga simu kumuulizia kwa jina. Novemba alishuka kwenye matatu hapa mjini, akanywa chai kwetu, akaendelea na safari ya Mumias. Alikuwa na sanduku lake.

Yule wa Busia alikataa kabisa kutoka. Nilimsihi kupita kiasi, nikidhani ni woga. Akanijibu kwa sauti ndefu, taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto: ana wawili sekondari, ana deni la chama, katika nyumba aliyomo analipwa ingawa kwa kuchelewa, na karatasi zake anajua ziko wapi. "Dada, nikitaka nitawaambia." Alimaliza miaka yake miwili, akarudi, sasa ana duka la nafaka. Bila yeye wale wawili wasingetoka, na yeye hakutaka kutolewa. Sijui sheria inamwita nani.

Kuhusu ajenti, taarifa iliandikishwa polisi. Kampuni yake haikuwa kwenye orodha ya zilizosajiliwa, jambo ambalo lingejulikana kwa dakika mbili kabla ya safari. Tulipokwenda ofisini kwake tulikuta saluni, na msichana wa pale akatuuliza tunasuka au tunaosha. Faili ipo. Naifuatilia kila mwezi.

Dada yetu anamsaidia mama yake kwenye kibanda. Chini ya meza, kando ya mizani, kuna daftari la shule la kurasa 96. Hamna majina ndani yake, mna mji anakotoka mtu na mji aliko, siku ngapi tangu afike, picha zipi zimepokelewa, zipi bado. Nililiona mara ya mwisho mwezi uliopita nilipokwenda kununua sukuma. Simu yake ikalia, akaiweka sikioni kwa bega huku anakata mboga, akasikiliza kwa muda mrefu.

"La, usitoke leo," akasema. "Leo ni Alhamisi. Takataka zitupe, rudi ndani, funga geti. Subiri Jumamosi usiku."